Mbio za Vijia: Lushoto Hadi Mtae

Anayetaka kwenda Mtae kutoka Lushoto hupanda basi. Barabara ya vumbi inazunguka milima kwa zaidi ya kilomita 60, inachukua saa kadhaa, na msimu wa mvua hakuna anayekuahidi saa ya kufika. Lakini iko njia nyingine, iliyokuwapo kabla ya magari: vijia vya miguu vinavyokata msitu wa Magamba, vikapita Lukozi na Manolo, vikateremka bonde la Rangwi, vikapanda tena na kufuata ukingo wa milima mpaka Mtae, kijiji ambacho mbele yake ardhi inakatika ghafla. Wageni huvitembea kwa siku tatu au nne. Mimi nilivikimbia mwezi wa Julai, na nataka kuisimulia safari ile kwa sababu katika miaka yangu yote ya kukimbia sijapata kuwa na nguvu kama nilizokuwa nazo siku hiyo, na sikuzitegemea hata kidogo.

Nilichokitegemea kilikuwa kingine. Naishi Tanga mjini, nafundisha sekondari, na mazoezi yangu nayafanya alfajiri huko Raskazone, kando ya bahari, mahali pasipo na mlima wa kuutaja. Marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi niliwahi kuimaliza, lakini kwa mateso. Njia yake katika nusu ya pili inapanda kuelekea Mweka; nilipanda vizuri, kisha kwenye mteremko wa kurudi mjini mapaja yakakaza, na kilomita za mwisho nikazitembea. Ndiyo maana safari hii niliipangia siku mbili. Ya kwanza Lushoto hadi Rangwi, kama kilomita 35, nilale kwenye nyumba ya wageni ya masista. Ya pili kilomita 17 au 18 zilizobaki. Nilitaka kufika nikiwa mzima, basi.

Nilipanda kutoka Mombo mchana wa siku iliyotangulia. Aliyepita barabara ile anajua: joto la tambarare linaachwa chini, kona za Soni zinaanza, maporomoko yanachungulia upande mmoja, na kabla ya kufika Lushoto abiria wameshafunga vioo. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakaufanya pahala pao pa kukwepea joto la pwani. Jioni ya Julai nilinunua peasi sokoni nikazila nikiwa nimejifunga kanga mbili juu ya sweta.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Kisambaa aliyekulia upande wa Lukozi, kazi yake kuongoza wageni. Tulikuwa tumeshalipia kibali, maana msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuinama, akaigeuza raba yangu na kuitazama soli.

"Ina meno, dada. Inafaa." Halafu akanipa masharti yake: "Mlima hatuukimbii. Mlima tunautembea, tambarare tunakimbia, mteremko tunaiachia miguu yenyewe. Ukinizidi mlimani nitakuvuta nyuma."

Nilimkubalia. Nilivaa suruali ndefu ya mazoezi, shati la mikono mirefu na mtandio mwepesi, kwa kuwa tungepita vijijini na nilitaka kupita kama mtu wa heshima zake. Begani, kibegi chenye maji lita moja na nusu, ndizi mbivu, karanga, chumvi kidogo kwenye karatasi, na sukari guru.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa njiani, tochi kichwani. Kutoka mjini hadi Magamba ni kupanda tu. Giza lilikuwa bado zito tulipoanza kukutana na akina mama wanateremka kwenda gulioni, kila mmoja na mzigo wake kichwani: kabichi, karoti zilizofungwa mafungu, ndizi. Wengine walikuwa na watoto mgongoni juu ya mzigo huo. "Onga makeo," mwenzangu akawaamkia, wakaitikia bila kupunguza mwendo. Nyuma yetu nao walikuja wengine waliokuwa wanapanda kama sisi, wakiwa wameshauza au wanakwenda mashambani, na hao ndio walionifundisha kupanda. Hatua yao ni fupi. Unyayo wote unakanyaga chini, kisigino hakining'inii. Mwili unaegemea mbele kidogo, mikono imetulia, pumzi inaingia na kutoka kwa mdundo mmoja. Hawaendi haraka, lakini hawasimami. Niliiga hatua yao nikiwa nyuma ya mama mmoja mwenye kapu la viazi, na kwa nusu saa nzima sikuhema. Nimesoma makala nyingi za makocha kuhusu kupanda milima; hakuna iliyonifaa kama mgongo wa mama yule.

Kulipopambazuka tulikuwa ndani ya msitu. Naomba nikae hapa kidogo, kwa maana sehemu hii ndiyo iliyoujenga mwili wangu kwa siku nzima. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu kongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Kilimanjaro, pamoja na utukufu wake wote, ni volkano changa mbele ya miamba hii. Upepo wa Bahari ya Hindi unafika ukiwa na unyevu, unapanda mlima, unageuka ukungu, na ukungu huo umeunywesha msitu kwa mamilioni ya miaka mpaka ukapata mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani, Saintpaulia, asili yake ni misitu ya huku kwetu. Lilipewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliyelipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mti wa mkulo, wenye harufu ya kafuri ukiukwangua gome, wanasayansi wameuita Ocotea usambarensis. Mkazi wa Tanga anayekaa karibu hivi na utajiri wa namna hii na asiende kuuona anajinyima haki yake.

Chini ya miti ile kijia ni udongo mweusi uliofunikwa na majani yaliyooza. Mguu ukitua husikii kishindo. Kila baada ya hatua chache kuna mzizi, jiwe, au shina lililoanguka, hivyo hakuna hatua inayofanana na iliyotangulia, na mwili haupati nafasi ya kuchoka upande mmoja. Kwenye lami misuli ileile hupigwa kwa namna ileile maelfu ya mara. Huku kazi inagawanywa: kifundo cha mguu kinachukua hii, nyonga inachukua ile, mikono inasawazisha. Macho yanatazama hatua tatu nne mbele, na akili yote inakuwa pale, haina wakati wa kuhesabu kilomita.

Tulikuwa tunakimbia taratibu sana. Mwenzangu alikuwa ananiuliza maswali: shuleni mna wanafunzi wangapi, bei ya samaki Tanga ikoje, mwanao mkubwa yuko kidato gani. Nilimjibu yote. Baadaye ndipo nilipotambua kuwa alikuwa anaipima pumzi yangu, kwa sababu kila nilipojibu kwa maneno mawili matatu tu alipunguza mwendo bila kusema kitu. Mara moja alisimama na kuinua mkono. Juu yetu mbega walikuwa wanavuka, weusi wenye manyoya meupe yanayoning'inia mabegani, mmoja baada ya mwingine, tawi likiinama na kurudi. Tulisubiri mpaka wa mwisho akavuka. Mbele zaidi hondohondo waliruka juu ya vilele vya miti, na mlio wa mabawa yao ulitufikia kabla hatujawaona.

Tukatoka msituni, jua likiwa limepanda, na hapo nchi ikabadilika ghafla. Kila kipande cha bonde ni bustani. Kabichi, karoti, viazi, pilipili hoho, nyanya, mifereji midogo ya maji imechimbwa kwa mkono kutoka kwenye kijito, na watu wako kazini tangu asubuhi. Kando ya barabara matenga ya nyanya na magunia ya viazi ya lumbesa yanasubiri Fuso. Mboga hizi zitalala njiani na kufika Dar es Salaam alfajiri. Nimezila maisha yangu yote bila kuwaza mlima zinaoupanda mgongoni mwa watu kabla ya kufika kwenye gari.

Lukozi tulifika kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa mama mmoja wa hoteli tulikuta makande yaliyopikwa usiku na kupashwa moto, na chai ya rangi yenye sukari nyingi. Mwenzangu alisisitiza nile sahani nzima. Nilisita, kwa sababu desturi yangu katika mbio ni kunywa maji na kuvumilia. Lakini mwili una hesabu zake. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hutosha kwa saa mbili hivi za mbio za nguvu, na ukiisha hakuna ujasiri unaouziba. Ukikimbia polepole mwili unatumia mafuta kwa wingi zaidi na kuutunza wanga, na ukila kila mara, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, akiba inadumu. Ndizi mbivu moja ina kama gramu 25. Kwa hiyo tangu Lukozi nikawa nakula kwa saa na wala si kwa njaa: ndizi, kipande cha sukari guru, maji, chembe ya chumvi, na tena ndizi.

Baada ya Lukozi vijia vinapita katikati ya mashamba, mahali pengine juu kabisa ya matuta. Mwenzangu alinionyesha kwa mkono upande wa Mlalo, ng'ambo ya vilima. Kule ndiko serikali ya Mwingereza ilikoanzisha mwaka 1946 mpango wake wa kuhifadhi udongo, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta mashambani mwao kwa amri, kazi ngumu ambayo sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Watu waliipinga kwa miaka, upinzani ukaungana na siasa za TANU, na mpango ukafutwa kabla ya uhuru. Nilikimbia juu ya mashamba yale nikiwa na heshima nyingine kabisa kwa waliokataa.

Sasa nije kwenye Manolo, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea.

Tulikuwa tumeshapita kilomita 25. Nilijua kinachonisubiri, kwa sababu kilinikuta Moshi: uzito kwenye mapaja, kisha hasira isiyo na sababu, kisha kila jiwe kuwa adui. Nilikaa nikikisubiri. Njia ikainuka, tukatembea. Njia ikanyooka, tukakimbia. Kilomita moja, nyingine, nyingine. Na badala ya uzito nilihisi miguu inakuwa myepesi. Hatua ikarefuka bila mimi kuirefusha. Moyo ulikuwa unapiga kwa utulivu wa mtu anayetembea kwenda sokoni. Hewa ilikuwa baridi, jua lipo lakini haliumi, na kando ya njia mikaratusi na miwati ilikuwa inatoa harufu. Nilimpita mwenzangu, nikasikia anacheka nyuma yangu, hakunivuta. Nilikimbia kigongo kile chote nikiwa natabasamu, na watoto waliokuwa wanachunga mbuzi wakaingia njiani wakakimbia nami mpaka mwisho wa shamba lao, wakapiga kelele, wakarudi. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu na mwili wangu ulikuwa unanipa kitu ambacho haukunipa nilipokuwa na miaka ishirini.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile, na naamini sehemu ya jibu iko Raskazone. Anayekimbia kwenye joto la pwani hukimbia na mzigo asiouona. Damu inagawanywa: nyingine iende kwenye misuli, nyingine iende kwenye ngozi kuupoza mwili, na moyo unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwili unaozoea hali hiyo unajirekebisha kwa majuma. Maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema. Ukiuchukua mwili huo ukaupeleka kwenye baridi ya Usambara, kazi moja inaondolewa na misuli inaipata damu yote. Hewa ya juu ni nyembamba kidogo, ni kweli, lakini kwenye urefu huu na kwa mwendo ule wa polepole hasara yake ilikuwa ndogo kuliko faida ya ubaridi. Miaka yote nimelilalamikia joto la Tanga. Kumbe lilikuwa linanifanyia kazi.

Mteremko wa kwenda Rangwi ndio niliouogopa kuliko yote. Kuteremka hakuchoshi pumzi, kunachosha nyama: paja linafanya kazi ya kuzuia huku likirefuka, na nyuzi zake hukatika kidogo kidogo katika kila hatua. Ndiko nilikoharibikiwa kule Mweka. Kwa sababu hiyo tangu Aprili nilikuwa nikienda mara kwa mara kwenye jengo moja la ghorofa nne mjini, kwa ruhusa ya mlinzi, napanda ngazi taratibu na kushuka kwa mbio. Nyuzi zilizokwisha kuumia na kupona katika kazi ya namna hiyo hujiandaa kwa mara ijayo. Mwenzangu aliongeza somo lake: hatua fupi, nyingi, usijizuie kwa kisigino, mikono iwe wazi pembeni. Tukashuka. Udongo mwekundu, mawe madogo yanayoviringika, migomba, mapaa ya bati yanakua chini yetu. Nilisubiri maumivu mpaka tukafika bondeni, hayakuja.

Rangwi ni bonde la amani. Masista wana nyumba yao pale, bustani zao zimepangwa, maua yamekatwa, ng'ombe wamenona. Ilikuwa saa tano na nusu. Sista aliyetupokea alikuwa mtu mzima, na mwenzangu, ambaye ni Mwislamu kama mimi, alimwamkia "Tumsifu Yesu Kristo" kama jirani anavyomwamkia jirani, naye akaitikia "Milele amina" na kutuuliza habari za nyumbani kwa kila mmoja. Alituletea chai ya maziwa na mkate wa kuoka palepale. Kitanda changu kilikuwa kimeshatandikwa.

Nilikaa kwenye kibaraza nikanyoosha miguu na kuichunguza. Niliminya mapaja, nikaminya mashavu ya miguu, nikasimama kwa mguu mmoja, nikachuchumaa na kuinuka. Mwenzangu alinitazama tu.

"Unaonaje?" nikamuuliza.

"Dada, miguu ni yako. Mimi naona jua bado ni la kwetu, na kutoka hapa hadi Mtae maji yapo."

Nilimweleza sista kwamba nitaendelea, nikataka kumlipa kitanda alichonitandikia. Akakataa. "Mwalimu, nguvu ukipewa uzitumie. Kitanda atalala mwingine." Aliniwekea mkate uliobaki kwenye begi. Nilichangia kwenye kisanduku chao cha wageni na tukaaga.

Kupanda kutoka Rangwi ni kupanda kweli. Nilirudi kwenye hatua ya yule mama wa alfajiri, fupi, unyayo wote chini, na kwa muda mrefu hatukuzungumza. Katikati ya mlima tulimkuta bibi mmoja amekaa kwenye gogo, mzigo wa kuni pembeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mnakimbia nini? Kuna msiba?"

"Hapana bibi, ni mazoezi. Tumetoka Lushoto, tunakwenda Mtae."

Alinitazama juu mpaka chini, akauliza kama nimekula, akauliza kama mume wangu anajua. Nikamjibu yote mawili ndiyo. "Basi kimbia," akasema. "Mimi nilipokuwa msichana Lushoto nilikuwa nakwenda na kurudi kwa miguu, na mzigo." Hakusema kwa kujisifu. Nilimsaidia kujitwika kuni zake, na uzito wa ule mzigo mikononi mwangu ulinionyesha nani kati yetu ndiye mwanamichezo.

Juu ya mwinuko tuliswali adhuhuri kwenye msikiti mdogo wa kijiji. Mimi msafiri nikaikusanya na alasiri. Maji ya kutawadhia yalikuwa ya baridi kali, na yalipoitoa chumvi usoni nilijisikia kama ndiyo kwanza naanza siku.

Kuanzia hapo ni kigongo, na kigongo kile kina upepo. Kushoto, mahali fulani nyuma ya miti, milima inaishia na tambarare inaanza, na kila penye upenyo unaona rangi ya kahawia chini sana. Tulikimbia sehemu kubwa. Sasa maswali niliuliza mimi. Mwenzangu alikuwa mkimbiaji shuleni, akashinda mbio za wilaya, kisha hakukuwa na wa kumpeleka mbele. Tulizungumza juu ya Alphonce Simbu, aliyeipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya Tokyo mwaka 2025, kwa kumpita Mjerumani kwenye hatua ya mwisho kabisa. Tulizungumza juu ya Simon Mtuy wa Kilimanjaro, aliyepanda mpaka kileleni na kushuka mwaka 2006 bila msaidizi, kwa muda wa saa tisa na ushei. Nchi yenye watu kama hao, na yenye vijia kama hivi, ina vijana wangapi wanaoishia kwenye mbio za wilaya? Nilimwuliza swali hilo, naye akanijibu kwa kuongeza mwendo. Nilimfuata.

Kilomita za mwisho, kupitia upande wa Sunga, ndizo nilizozikimbia kwa kasi kuliko zote. Nalisema kwa furaha kwa sababu ni kweli. Hakuna kilichouma isipokuwa kucha moja ya mguu wa kulia. Wanafunzi walikuwa wanatoka shule, sare za buluu na nyeupe, na kundi zima likageuka kuwa msafara wetu. Tulikuwa Mtae kabla ya saa kumi na nusu jioni, mwanga tele.

Mtae imejengwa juu ya ulimi wa mlima. Nyumba zinapungua, njia inapungua, kisha huna mbele tena. Chini, zaidi ya mita elfu moja, ni tambarare ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, inayopakana na Tsavo ya Kenya. Kaskazini magharibi ni milima ya Upare. Siku zenye anga safi Kilimanjaro huonekana. Siku ile kulikuwa na vumbi la kiangazi na sikuiona. Wanahistoria wameeleza kwa nini Wasambaa wa zamani walipenda kujenga karibu na ukingo namna hii: mtu wa ukingoni ana nchi mbili. Migomba yake iko juu kwenye mvua, na anaweza pia kulima na kuwinda chini nyikani, mwaka ukiharibika upande mmoja anategemea mwingine. Watu wa Mtae bado wana njia za kushuka huko, na tulipokuwa tumekaa mzee mmoja alitokea chini ya genge akiwa na fimbo na mfuko wa mahindi, akatupa salamu na kuendelea na safari yake.

Jioni nilikula ugali na maharage na mboga ya majani, sahani mbili. Usiku nililala usingizi mzito, na asubuhi niliinuka kitandani bila kushika ukuta, jambo ambalo baada ya Moshi lilinichukua siku kadhaa.

Nawaambia wenzangu wa vikundi vya mbio vya Tanga, Dar es Salaam, Arusha na Mombasa: tunalipa nauli na viingilio kukimbia lami ileile kila mwaka, nasi tuna vijia hivi. Nendeni. Juni hadi Septemba njia ni kavu na baridi inasaidia. Lipieni msitu, mchukue mwongozaji wa huko huko na mumlipe vizuri, kuleni kwa akina mama wa njiani, pandeni kwa kutembea. Wanawake msiogope, vaeni kwa heshima, amkieni watu, na hakuna kijiji kitakachowapa mgongo. Na makocha wa shule na wa vilabu wapandishe vijana wao huku, kwa sababu vipaji vilivyoko kwenye vigongo hivi vinahitaji tu mtu wa kuvitazama. Mtae kuna nyumba za kulala wageni za bei ya kawaida. Basi la kurudi linaondoka kabla ya alfajiri, kwa hiyo kateni tiketi jioni ileile mnayofika.